Taa ya Dagaa Saa Nane Mchana

Bisha. Kaa hapo hapo ulipo ubishe, mimi nimeshazoea. Mwikwabe wa mtumbwi wetu alibisha, akacheka mpaka akamwaga chai, na leo hii Mwikwabe hawezi kulala bila mtu wa kumtazama. Mimi Clever niliacha shule darasa la sita, mwalimu akasema sitafika popote, lakini waliofika chuo wakija likizo Musoma wananitafuta mimi niwasimulie. Kwa hiyo bisha vizuri. Usibishe nusu.

Ilianza na kitu kidogo tu: Masatu aliacha kukoroma.

Tulikuwa tunapanga chumba kimoja nyuma ya soko la Mwigobero, yeye na mimi, wavuvi wa dagaa. Sisi usiku ni kazi, kwa hiyo tunalalaga mchana, chini ya bati la moto. Masatu alikuwaga na mkoromo kama injini ya boti. Sasa siku hiyo, saa nane, niliamshwa na ukimya. Nikamtazama. Macho nusu wazi, kifua hakipandi. Halafu ghafla akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amejiona. Alikuwa juu, karibu na bati, akajiona amelala.

Nilimtania wiki nzima. Nikamuuliza kama huko juu ameiona suruali yangu iliyoibiwa kambani.

Yeye hakucheka. Mdogo wake, Mugeta, alizama mwezi wa nne, upepo ulipopindua mtumbwi. Wenzake wote walipatikana, yeye hapana. Mama yao, Gaudensia, yuko Butiama, na tangu siku hiyo alikataa kunyoa nywele, akakataa matanga yaanuliwe, akakataa kuchomekewa msalaba usio na mtu chini yake. Alimwambia Masatu asirudi nyumbani bila mwenzake. Basi Masatu akawa anasoma kwenye simu namna ya kutoka mwilini kwa makusudi, ashuke chini ya ziwa, aone mdogo wake amelala wapi, halafu twende na nyavu tumtoe.

Huko kwenye simu waliandika masharti ya usalama, na Masatu aliyashika kama katekisimu. Alale chali, uso usifunikwe. Mtu asimguse. Mlangoni pawekwe chumvi, komeo lifungwe, na awepo mlinzi, yaani mimi. Akirudi ataita jina la mlinzi, na mlinzi ajibu palepale, "Masatu, mwili wako huu hapa." Asipojibiwa haoni pa kuingilia. Na kabla ya kutoka ajizungushie mwanga mweupe kwa mawazo, ndiyo ngao yake dhidi ya vinavyozurura huko. Hapo alikwama siku mbili, hajui awaze mwanga gani. Siku ya tatu akatabasamu. Atawaza taa ya dagaa, ile tunayoiacha ielee juu ya maji usiku kucha. Nikamwambia hapo sasa umeongea kama mvuvi.

Ilikuwa Alhamisi. Nikamwaga chumvi mlangoni huku nalalamika kwamba ndiyo ya kuungia samaki. Nikakaa kwenye ndoo. Masatu akalala chali, akafumba macho, midomo ikicheza kidogo kama anahesabu, kisha ikatulia.

Kwanza kelele za soko zilienda mbali. Redio ya jirani ilikuwa inaimba, sikuisikia tena. Halafu ikaja harufu, ya tope la chini kabisa, lile linalopandaga na nanga, na joto likashuka chini ya bati lile lile lililokuwa linawaka, nikaona pembeni ya mdomo wa Masatu pamejaa maji, nikajiambia ni udenda, nikajiambia tena ni udenda, ila udenda gani unamwagika shavuni mpaka kwenye godoro ukiwa na dagaa mmoja hai anarukaruka, na wakati namwangalia huyo dagaa nikasikia ukutani, pole pole, maji yanagonga kama yanavyogonga ubavu wa mtumbwi, wakati ziwa liko kule chini ng'ambo ya soko, na mimi nimekaa, sikukimbia, andika hiyo, Clever hakukimbia, hakuna aliyeniita na hakuna aliyegonga, mpaka ule mwili ukainuka ukakaa.

"Mama yuko wapi?" ukaniuliza.

Sauti ni ya Masatu. Lakini Masatu ni mtu wa mkono wa kushoto, na huyu alichukua kikombe kwa kulia. Akanywa maji ya ndoo nzima. Akaniita kaka Clever, kama alivyokuwa akiniita Mugeta. Hakupepesa macho hata mara moja. Kesho yake asubuhi hayupo, na godoro limelowa mpaka sakafuni.

Nikajua ameenda Butiama. Mimi nikapitia Bunda, pale Kabasa, kwa Shehe Abdulsalam, fundi cherehani anayetibu watu kwa kisomo. Hakuuliza mengi. Alifunga cherehani yake, tukaondoka.

Tulimkuta Gaudensia uani, amenyoa nywele, msiba ameumaliza, anamlisha ugali kwa mkono wake yule mwenye mwili wa Masatu. Anamwita Mugeta. Anatuambia kwa furaha kwamba mwanawe amemkumbusha maneno aliyomwambia ghalani siku anaondoka, wakiwa wawili tu. Yule akatugeukia akatabasamu, na uani pote pakanuka tope.

Shehe alinivuta nyuma ya nyumba. Akaniuliza kwa kunong'ona mwenzangu alijikinga kwa kitu gani. Nikamwambia mwanga. Mwanga wa nini? Wa taa ya dagaa.

Shehe akanisogelea.

"Nyie ile taa mnaiwasha ili iweje?"

Hata mtoto wa Mwigobero anajua. Tunaiwasha ili vya chini vipande juu.

"Basi jini la kina limeiona likapanda," akasema. "Kulitoa naweza. Ila mwenye mwili lazima awe karibu aingie, la sivyo jioni hii tunazika. Alirudi? Alikuita?"

"Hakuja, shehe."

"Fikiri vizuri. Kama aliita akanyamaziwa, bado anazunguka pale pale mlangoni, mpaka siku ya arobaini. Aliyemnyamazia ndiye anaweza kumfuata. Itabidi alale pale, atoke mwilini na yeye, akamshike mkono. Na pengine wasirudi wote."

"Hakuja."

Tukarudi uani. Shehe akamwambia mama taratibu kwamba huyu si Mugeta, na Masatu pia siye. Mama hakushtuka. Aliendelea kumega tonge.

"Harufu naisikia, baba. Sijafa pua," akasema. "Lakini anakula. Nikimwita anaitika. Nyie mmenibebea nini cha kuweka mahali pake?"

Tuliondoka bila kuaga, na nyuma yetu tulimsikia yule anaomba maji tena.

Mbona sasa hubishi? Basi nimalizie, kuna kipande huwa nakiruka kila nikisimulia.

Masatu alirudi. Kabla mwili haujainuka, aliniita nje ya mlango, mara tatu, amechoka, kama mtu aliyebeba mzigo. Mara ya tatu akasema, "Clever, nimempata. Ninaye hapa. Jibu basi." Nikasikia wanahema wawili. Na mdomo wangu huu, unaousikia unavyopayuka, niliuziba kwa mikono yote miwili mpaka pale nje pakawa kimya.

Leo ni siku ya thelathini na tisa tangu Alhamisi ile, na mimi nimekaa hapa na wewe, nasimulia.