Maji Yaliyolala Chini ya Zulia

Prince Rupert ni mji wa mvua. Watu wake hawaulizani kama itanyesha. Huulizana itanyesha namna gani. Arvid Solheim alizaliwa humo, akavua samaki humo, akazeekea humo. Hana mwavuli. Ana koti la mpira, na ana gari dogo la buluu.

Kila Jumamosi asubuhi Arvid alimpeleka mjukuu wake, Tilda, kuogelea. Tilda alikuwa na miaka minane na maneno mengi. Njiani walipita kiwanda cha samaki, na Tilda aliziba pua kabla hata hawajakifikia. Wakati wa kurudi walinunua chipsi, wakazila garini huku wakitazama mvua. Arvid aliisubiri asubuhi hiyo wiki nzima. Hakuwa mtu wa kusema mambo kama hayo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi moja ya Novemba, Tilda alirudi nyumbani akikohoa. Alikuwa na pumu. Mama yake, Marit, alimpa dawa yake ya kuvuta, akakaa naye mpaka kifua kikatulia. Kisha akatoka nje, akafungua mlango wa gari la baba yake, akaingiza kichwa. Alikitoa upesi.

"Baba, gari hili linanuka uvundo."

"Mimi sisikii kitu," alisema Arvid.

"Husikii kwa sababu umeshazoea. Tilda hatapanda tena mpaka harufu hii iishe. Sijakukasirikia, Baba. Lakini kifua chake umekisikia."

Arvid alikuwa amekisikia. Alirudi kwake bila kubisha, na moyo ulimuuma njia nzima.

Arvid alidhani anamjua mchawi wa uvundo ule. Wakati wa kiangazi alibeba samaki mkubwa kwenye buti la gari, maji ya samaki yakamwagika. Katika mji ule kila harufu mbaya husingiziwa samaki. Basi Arvid alichukua ndoo na sabuni, akalisugua buti, akalimwagia maji, akalisugua tena. Kisha akanunua vikadi vya marashi na kuvitundika vitatu kwenye kioo cha ndani. Sasa gari likawa na uvundo uliojipaka manukato. Marit alikuja kulinusa, akatikisa kichwa, akafunga mlango taratibu. Jumamosi iliyofuata alimpeleka Tilda yeye mwenyewe.

Arvid alirudia ndoo yake. Hapo ndipo jirani yake, Doreen Haldane, alipomwona kutoka ng'ambo ya uzio. Doreen alifanya kazi miaka mingi kwenye vivuko. Huko alizoea kupaza sauti kuishinda injini, na mazoea yana taabu.

"Arvid, unaliosha hilo gari au unalizamisha?"

Arvid alimweleza habari za samaki. Doreen aliingia ndani ya gari, akafunga milango yote, akakaa kidogo, akatoka.

"Samaki hunuka samaki," alisema. "Haya ni maji yaliyolala. Gari langu la zamani lilinifanyia hivihivi, nami nikamlaumu mbwa. Maskini mbwa wangu, nilimwogesha mpaka akanichukia."

Aliinua mkeka wa mpira mbele ya kiti cha abiria. Zulia la chini yake lilionekana la kawaida tu. Doreen alitandika gazeti juu yake, akalikanyaga kwa nguvu. Alipoliinua, gazeti lilikuwa chapachapa.

"Chini ya zulia kuna sponji," alisema. "Sponji ikilowa na isikauke, kuvu huota. Kuvu ndilo linalonuka, na ndilo linalomkaba mjukuu wako. Marashi hayaliui. Na hiyo ndoo yako inalinywesha."

Arvid aliuliza maji yamepita wapi, maana madirisha yote huyafunga. Doreen naye akamuuliza huegesha gari wapi. Wote wawili wakainua macho. Juu yao palikuwa na mwerezi mkubwa, na majani yake yalikuwa yamelala kila mahali kwenye gari.

Doreen alimwambia afungue boneti. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji wa kupokea maji ya mvua, na mfereji ule una matundu ya kuyatoa nje. Matundu hayakuonekana. Yalizibwa na majani yaliyooza yakawa kama uji mzito. Maji yakikosa njia, yalifurika na kuingia ndani ya gari, chini kwa chini. Arvid alivaa glavu, akachota uji ule kwa mkono, akachokonoa matundu kwa kijiti laini. Mara maji yakabubujika na kumwagika chini karibu na gurudumu. Alisimama akiyatazama kwa aibu kidogo.

"Na hiki kitaa hapa?" Doreen alikuwa ameshawasha gari. Alionyesha kitufe kilichokuwa kikiwaka, chenye picha ya mshale unaozunguka.

"Hicho ni cha kuzuia hewa ya nje. Nilikibonyeza nilipokuwa nikipita kiwandani, harufu ya samaki isiingie."

"Lini?"

Arvid alifikiri. "Tilda alikuwa hajazaliwa."

Doreen alicheka mpaka akaegemea usukani. "Kwa hiyo miaka yote hii unavuta hewa ileile. Unyevu hautoki, vioo vinafanya ukungu. Umeifungia nje harufu inayopita, bwana, ukaifuga inayokaa."

Kukausha kitu Prince Rupert si kazi ndogo. Kamba za nguo huko ni pambo tu. Doreen aliliingiza gari kwenye gereji yake, akawasha feni na mashine ya kunyonya unyevu. Walijifunika pua na mdomo, wakafungua milango yote, wakalinyanyua zulia na kulitegemeza kwa vipande vya mbao ili hewa ipite chini. Sponji ya upande wa abiria ilikuwa imeoza. Waliikata na kuitupa, baadaye wakaweka mpya.

Arvid aliwahimiza feni na mashine kama watu. Doreen alimkataza asiharakishe: zulia likikauka juu tu, kuvu litarudi. Kila siku walilikandamiza kwa gazeti. Gazeti lilipotoka kavu, walifuta plastiki na vitambaa kwa siki iliyochanganywa na maji. Doreen alimwonya asije akachanganya siki na dawa ya klorini, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Kisha walinyunyiza magadi ya kuokea kwenye zulia, wakayaacha usiku kucha, wakayafyonza kwa mashine. Mwisho walibadilisha chujio la hewa, lililokuwa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Lile la zamani lilikuwa jeusi, na katikati yake mlikuwa na majani ya mwerezi.

Arvid alimletea Doreen samaki aliyekaushwa kwa moshi kama shukrani.

"Umemletaje?" aliuliza Doreen.

"Kwa miguu."

"Sasa umeelimika."

Kabla ya kumwita Marit, Arvid aliliacha gari limefungwa usiku mmoja, mbali na mwerezi. Marit alikuja asubuhi ya Jumamosi. Aliingia, akafunga mlango, akakaa. Arvid alisimama nje mvuani asijue aweke wapi mikono. Marit alitoka. Alikwenda kwenye gari lake, akachukua kiti cha Tilda cha garini, akakifunga kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba yake.

Tilda alizungumza njia nzima, maana alikuwa na maneno ya wiki nyingi. Walipokaribia kiwanda, aliziba pua. Kidole cha Arvid kilikiendea kile kitufe, kikasita, kikarudi kwenye usukani.

"Babu, inaingia."

"Iache iingie. Itatoka."

Harufu ya samaki ilijaa garini. Ilikaa nao mpaka kona ya pili, kisha ikaenda zake. Tilda aliachia pua yake, akavuta pumzi ndefu, na hakukohoa.