Bibi Aomba Kuongezewa Siku

Bibi alikuwa akikunja pindo la pazia sebuleni kwa binti yake. Kwao alikuwa fundi wa cherehani, na mikono yake haikujua likizo. Alikuwa amesafiri nchi za nje kwa mara ya kwanza, kumwona mjukuu aliyemjua kwa picha za simu tu.

Katika nyumba ile hakuna aliyemwuliza ataondoka lini. Binti aliona kuuliza ni sawa na kumfukuza mama yake. Mkwe, fundi umeme, aliona aibu zaidi. Naye Bibi alingoja waulize wao. Tarehe ya tikiti yake ya kurudi iliweza kubadilishwa, basi wote wakatulia.

Mchana huo jirani wa mlango wa pili aliingia kunywa chai. Mama huyu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kaunta ya shirika la ndege, akikagua pasipoti za abiria.

"Dada, bado upo!" alisema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naona wewe wamekupa sindano."

"Nimejipa mwenyewe," Bibi alicheka. "Shule zikifungwa tutampeleka mjukuu wangu ziwani. Ndipo nitarudi."

"Na ruhusa yako ya kukaa inaisha lini?"

"Viza yangu ni mpaka mwisho wa mwaka."

"Hiyo ni viza. Mimi nauliza muhuri."

Binti alileta pasipoti. Jirani alivaa miwani. Aliupita ukurasa wa viza, akafungua ule uliogongwa muhuri uwanja wa ndege. Alisoma, kisha akasoma tena.

"Kesho," alisema.

"Kesho nini?" aliuliza binti.

"Kesho ndiyo siku ya mwisho ya mama yako kuwa hapa kihalali. Viza hii inasema mpaka lini anaweza kubisha hodi mpakani. Muhuri unasema akishafunguliwa, akae mpaka lini. Ni vitu viwili."

Bibi aliweka pazia chini. "Nikizidisha?"

"Kwa sheria ya hapa, utatozwa faini. Wanaweza kukukamata na kukurudisha kwenu. Na wanaweza kukuzuia usikanyage tena nchi hii kwa miaka."

Bibi alimtazama mjukuu aliyekuwa amerudi chekechea na kulala kwenye zulia. Alijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ulikataa kuingia.

Mkwe aliporudi kula, alisikiliza akiwa bado amesimama. "Mama, usihofu," alisema. "Kuna kijana mmoja ana mtu wake ndani ya uhamiaji. Unampa pasipoti, anairudisha imegongwa."

"Imegongwa na nani?" aliuliza jirani. "Nimewaona wenye mihuri ya bandia wakishikwa pale kwenye kaunta. Anayelala rumande ni mwenye pasipoti. Kijana wako hulala kwake."

"Basi aseme anaumwa," alisema binti.

"Wakitaka cheti cha daktari? Na kumdanganya ofisa ni kosa jingine. Aende kesho asubuhi, aseme kweli. Achukue pasipoti, tikiti ya kurudi, barua yako ya kuonyesha anakaa kwako, na uthibitisho kwamba fedha za matumizi yake zipo. Tena dada, usimshonee mtu kwa malipo. Viza ya utalii haina jembe."

"Wataniongezea?" aliuliza Bibi.

"Sijui. Nchi nyingine huongeza, nyingine hukataa kabisa. Uhamiaji ndio wenye neno la mwisho."

Kesho yake Bibi na binti walifika ofisi ya uhamiaji kabla haijafunguliwa. Walikaa kwenye benchi. Mtu aliyewatangulia aliulizwa maswali machache, kisha askari wawili wakampeleka chumba cha ndani. Hakutoka.

"Anayefuata!"

Ofisa alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. "Mbona umekuja siku ya mwisho?"

"Nilidhani tarehe ya viza ndiyo ya kuondoka. Jana nimeambiwa sivyo."

"Unafanya kazi hapa?"

Bibi alitazama vidole vyake vilivyochomwa na sindano. "Nimeshona pazia la binti yangu. Hakunilipa."

Ofisa alimgeukia binti. "Ni bahili hivyo?"

Hakutabasamu, lakini alipokea pasipoti. Akawapa stakabadhi. "Hii inaonyesha umeomba kabla ya muda kwisha. Tembea nayo. Utaletewa jibu."

Siku za kungoja zilikuwa mbaya. Mlango ukigongwa, Bibi aliingia jikoni. Akimwona askari barabarani, alishika mkoba wenye stakabadhi kwa mikono miwili.

Jibu lilipokuja, aliongezewa siku, lakini chache kuliko alizoomba. Zingekwisha kabla ya shule kufungwa.

"Zidisha wiki moja tu, mama," alisema binti. "Nani atajua?"

"Kompyuta ya uwanja wa ndege itajua," alisema Bibi. "Nataka kumwona huyu mtoto akianza darasa la kwanza. Sitamuuza kwa wiki moja."

Mkwe aliomba ruhusa kazini. Walikwenda ziwani mwisho wa juma, mvua ikawanyea, na mjukuu akacheka mpaka akapata kwikwi. Bibi alibadilisha tarehe ya tikiti, akaondoka muda wake haujaisha.

Mwaka uliofuata aliomba viza tena. Aliulizwa kama amewahi kuzidisha muda wa kukaa. Alijibu hapana, na hapana yake ilikuwa ya kweli. Akapewa.

Alipofika, ofisa wa uwanja wa ndege aligonga muhuri na kumrudishia pasipoti. Bibi hakuondoka. Alivaa miwani, akatafuta tarehe.

"Mama, songa bwana, tuna haraka!" mtu alipaza sauti kwenye foleni.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema Bibi, kidole chake kikiwa juu ya wino. "Nasoma."