Poda Isiyo Yake

Mwenye mashine ya fotokopi katika soko la mtaa wetu uitwao Kenya alikuwa na mikono miwili na wateja arobaini, basi asubuhi ile ya Juni, siku chache kabla ya mtihani wa taifa, alimpa Bénie karatasi za mtu mwingine. Bénie hakutazama. Alikuwa ameshafika kwa akina mama wauza sombe, majani ya mihogo, aliposikia mtu akipiga kelele nyuma yake.

"Mademoiselle! Eh, wa foulard ya jaune ku kichwa! Unaenda na sura yangu wapi?"

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko na viatu vilivyopigwa rangi vikang'aa, anahema, ameshika fishi ya Bénie, ile karatasi ya mtihani yenye picha. Bénie akaangalia aliyoishika yeye. Picha ilikuwa ya huyu huyu, na jina ni Floribert.

"Ni photo mubaya," alisema. "Nilizani ni ya mwizi."

"Yako njo muzuri. Nilitaka nibakie nayo. Lakini ku mtihani, ku Exetat, na sura yako, hawataniachia niingie."

Bénie hakutaka kucheka, na alicheka. Basi ndiyo hivyo. Wengine hukutania kanisani, hawa walikutanishwa na fotokopi.

Mtihani ulipokwisha, likizo kubwa ikafunguka mbele yao, ya mwisho kabla ya chuo kikuu. Wote wawili walikuwa wamepanga: Oktoba wanaingia campus pamoja, Bénie sheria, Floribert mambo ya migodi. Kabla ya hapo watakwenda ziwa la Kipopo, watakula michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, mpaka vidole ving'ae mafuta, watamsalimia shangazi yake Floribert huko Kipushi. Baridi ya Julai ilikuwa kali, lakini Bénie alivaa gauni jepesi kila walipokutana, akatetemeka kwa hiari yake, ili apewe ile sweta ya kijani.

Jioni simu haikunyamaza.

"Chérie, tufanye patano," Floribert alisema siku moja.

"Patano gani tena?"

"Siku ba résultats itatoka, muntu asiangalie yake. We utatuma code yangu ya mtihani mu message, mi nitatuma yako. Mi njo nitakuwa wa kwanza kukuambia kama ulipita."

"Na kama nilianguka?"

"Utaanguka mu mikono yangu."

"Sema tena ujinga! Sawa. Lakini poudre ya kwanza ku kichwa yako, mi njo nitamwanga. Si mama yako, si dada yako yaya Agnès. Mi."

"Wewe, bébé. Naapa."

Huku kwetu anayefaulu hapewi maua. Anamwagiwa poda kichwani mpaka shingoni, na mtaa mzima unamtambua, mweupe kama aliyelala kwenye mashine ya kusaga mahindi. Bénie alinunua kopo lake la poda mapema, akaliweka kwenye mkoba, akawa anatembea nalo kila siku.

Matokeo yalitoka Jumanne moja ya Agosti. Bénie alituma namba ya Floribert. Jibu lilikuja bila jina, ila namba na neno moja la Kifaransa tu: ÉCHEC, ameanguka. Alisoma mara tatu. Akatuma tena. Neno lilikuwa lile lile.

Alizima simu palepale. Alijua Floribert angepiga, na sauti yake ingemsaliti. Habari kama ile, aliwaza, mtu anaambiwa uso kwa uso. Yake mwenyewe hata hakuikumbuka. Alijifunga kitambaa cha njano, akapanda gari la Ruashi, mtaa wa kina Floribert, na njia nzima akatafuta maneno, asiyapate.

Vigelegele alivisikia kabla hajafika kwenye uzio. Wanawake walikuwa wakipiga masufuria, na katikati alisimama Floribert, mweupe kichwa, mweupe masikio, na sweta ya kijani haijulikani tena rangi.

"Bénie! Ukuye, mutoto!" Agnès, dada yake mkubwa, alimkumbatia. "Alipita! Soixante-sept pour cent, sitini na saba! Niliona mu téléphone na macho yangu!"

Mlangoni Bénie alimwona Papa André, baba yao, mzee wa reli, ambaye tangu Pasaka mguu ulikuwa umemfunga kitini. Leo alikuwa amesimama, mkono kwenye fimbo, machozi yanamtiririka bila aibu.

Floribert alimvuta Bénie nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa matofali usiomalizika.

"Juu ya nini ulizima téléphone? Nilikupigia mara makumi!"

"Floribert, ile soixante-sept ni ya nani?"

Alitazama chini. "Ni yako. Ulipita, chérie. Nilikuwa nasoma message ya résultat yako, yaya Agnès akaninyang'anya téléphone. Akaona réussite, kupita, akalia, poudre ikamwangwa. Papa akasimama, Bénie! Nikasema ngoja, Bénie atanipigia, na mi nitakuwa nimepita, mambo itakuwa sawa." Akainua macho. "Sasa sema. Ile yangu?"

Bénie alitikisa kichwa. Floribert akaegemea ukuta, poda ikamdondoka mabegani.

"Usiseme kintu," alinong'ona. "Nakuomba. Papa atakufa."

"Unataka niseme uongo?"

"Unyamaze tu."

"Bénie!" Papa André aliita kutoka mlangoni. Wakarudi. Mzee alimshika Bénie mkono. "Mutoto wangu, we njo mulikuwa munasoma pamoja. Uniambie kweli. Huyu ataenda ku université?"

Wanawake waliacha masufuria, wakasogea. Bénie alimkasirikia Floribert, na papo hapo akamhurumia.

"Papa, umuulize yeye mwenyewe."

Macho yote yakamgeukia Floribert. Akamtazama baba yake, akasema, "Ni kweli, papa. Nitaenda."

Bénie aliondoka bila kuaga. Barabarani alilia, na asidanganywe mtu, alimlilia Floribert kuliko alivyojililia mwenyewe.

Nyumbani kwao Katuba, mama yake, Mama Albertine, alipopata habari kwamba binti amefaulu alikimbilia poda. Bénie akamzuia mkono.

"Hapana, mama. Ya kwangu balishamwanga fasi ingine, ku kichwa ya mwingine."

Mama hakuelewa, akaacha. Siku tisa zilipita. Simu iliita, Bénie hakupokea. Ujumbe wa Floribert alisoma, hakujibu. Jibu lake moja tu lilikwenda siku ya tano: "Siku utamwambia papa, njo siku utaniona." Hapo akaona jinsi likizo ya mwisho inavyoweza kuwa ndefu, akaichukia kila siku yake.

Siku ya kumi, Bénie na mama yake wakichekecha unga, waligongewa mlango. Mbele alisimama Papa André katika koti lake jeusi la misa, fimbo mkononi, anatweta. Nyuma yake Floribert, sweta imefuliwa, kichwa kimeinama.

"Mama Albertine, hodi," alisema mzee. "Jana huyu aliniambia yote. Nilikasirika, nikalia, na angalia, sikukufa." Akatoa mfukoni kopo la poda. "Mu nyumba yangu tulimwanga poudre ku kichwa ile haikuwa yake. Deni ya namna hii, mukubwa njo anairudisha. Mutoto wangu, inama."

Bénie aliinama. Mzee alimimina, na poda ikashuka nyweleni, shingoni, kifuani, baridi na yenye harufu ya waridi. Mama Albertine akapiga kigelegele cha kwanza, akiwa amekichelewesha siku kumi.

Floribert alibaki mlangoni.

"Naingia?" aliuliza.

"Na mwaka huu utafanya nini?" Bénie aliuliza, mweupe mpaka kope.

"Nitarudia. Septemba, mu banc ya école, na batoto. We utakuwa campus na ba étudiants ba kuvaa cravate. Nilishajua utanisahau."

"We mutu, unapenda kulia mbele kilio ifike." Alichukua mkoba wake, akatoa kopo alilolinunua Julai, zima, halijafunguliwa, akalisukuma kwenye kiganja cha Floribert. "Hii ni ya mwaka kesho. Usiifungue, usimupe muntu. Mi njo nitaimwanga."

Floribert alilishika kwa mikono miwili.

"Na Kipopo?" aliuliza polepole. "Na michopo?"

"Michopo ni dimanche, tukitoka misa. Masiku ingine, maths. Kesho saa mbili ukuye na cahier ya kuandika."

Akamvua sweta ya kijani, akaivaa yeye, na poda yote ikaingia ndani yake.