Mtungi Uliokataa Kukauka

Mtungi ulianza kutoa jasho kabla haujatiwa hata tone la maji.

Mbuke alikuwa ameuweka kivulini, ubavuni mwa nyumba, ukauke taratibu kama mitungi yote aliyowahi kufinyanga pale Kharumwa. Udongo ukikauka hupauka, kuanzia mdomoni kushuka hadi kitakoni. Huu ulizidi kuwa mweusi. Alipoupitishia kiganja, kilirudi kimelowa, tena kinanuka baruti na jasho la wanaume waliokosa hewa.

"Umande tu," alijiambia. Kiangazi kile hakikuwa na umande hata wa kutafuta kwa tochi.

Tumsemee ukweli, maana mwenyewe hakutaka kuusema. Udongo mtupu hupasuka motoni, ndiyo maana mfinyanzi hutwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akachanganya unga wake na udongo mbichi ili chombo kistahimili moto. Mbuke alikuwa ameishiwa vigae. Akirudi kutoka kuchimba udongo alipita kwenye duara lililoachwa, shimo la dhahabu lililowafukia wachimbaji wakati wa masika, akaona vigae vyekundu, vizuri, vimetawanywa juani pale ukingoni. Kijiji kizima kilijua haviguswi, na Mbuke alijua kama wenzake. "Kigae ni kigae," alisema, akavifunga kwenye kanga. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Akatwanga, akakanda. Akakaza kitako, akapandisha kamba za udongo moja juu ya nyingine, akalainisha tumbo kwa kipande cha kibuyu, akabana shingo, akakunja mdomo. Ulikuwa mtungi mzuri ajabu. Donge lililobaki, kwa kuwa ubahili wake ulifika hata kwenye tope, alizibia ufa wa ukuta katika chumba cha mkwe wake.

Mkwe huyo, Vumilia, alikuwa na mtoto wa kunyonya, Kamili. Mumewe, Boaz, ambaye ndiye mwana pekee wa Mbuke, alikuwa machimboni Geita.

Kwanza yalipotea maji ya ndoo. Vumilia aliijaza, akageuka kuwasha moto, akaikuta kavu. Kisha mchana mmoja alitoka chumbani amempakata mtoto, uso umempauka.

"Mama," alinong'ona, "maziwa yamekata."

"Umekula?"

"Nimekula. Jana yalikuwepo, leo hayapo. Na kuna kitu kinakunywa humu ndani, mama. Nakisikia."

Wakatega masikio. Jua lilikuwa utosini, kuku wamejibanza chini ya ghala. Kutoka ule upande wenye mtungi ilikuja sauti nzito, bila haraka: gu, gu, gu. Ng'ombe akinywa lamboni husikika hivyo, lakini pale hapakuwa na ng'ombe.

Walimkimbiza Kamili zahanati. Alipewa maji ya chumvi na sukari, akanywa, macho yakarudi kung'aa. Aliporudishwa nyumbani, jua halijazama, utosi wake ulikuwa umebonyea tena, midomo imepasuka, na alikuwa akilia bila chozi. Mbuke alimpenda mtoto yule kuliko alivyojipenda mwenyewe. Alitoka nje mbio, akaupigia magoti ule mtungi na kuchungulia ndani, akitarajia kuona maji yote ya nyumba yake yamejaa humo, na hakuona maji wala hakuona kitako alichokikaza kwa mikono yake, bali giza lililokwenda chini, na chini, na huko chini watu wakikohoa vumbi, na alipotaka kuondoa uso alihisi ukingo wa mtungi, laini na wa baridi, ukimlamba jasho la shavuni.

Kesho yake alimwita Mzee Stanslaus, mganga. Mzee alifika mpaka kwenye ua wa minyaa, akauona mtungi, akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Vigae ulivitoa wapi?"

Mbuke aligeuza macho upande wa duara.

"Jini wa duara lile hakuwa na mwili," mzee alisema kwa sauti ya chini yenye hasira. "Wachimbaji walipokufa nilimwingiza mtungini, nikauvunja, vipande nikaviacha pale vikaangwe na jua. Nimemvunja, wewe umemfinyanga. Umempa tumbo, umempa mdomo. Sasa ana kiu, na atakunywa mpaka yule mtoto aishe."

"Basi niuvunje sasa hivi!"

"Udongo mbichi unauvunjaje? Utarudi kuwa tope, naye ataingia kwingine. Achomwe kwanza, ndipo avunjwe."

"Mtungi mbichi hauchomeki, baba. Utapasuka motoni."

"Basi mnyimeni maji mpaka akauke. Toeni ndoo, toeni madumu, mama na mtoto wahame." Akamkazia macho. "Udongo wote uko hapa?"

Mbuke alikumbuka lile donge la ukutani. Lakini mzee alikwisha kumtazama kama mwizi wa makaburini, na aibu ni mzigo mbaya kuongezewa. Donge dogo vile litafanya nini?

"Wote, baba."

Vumilia na Kamili wakahamia kwa jirani yao, Bernadina. Nyumba ikabaki kavu kama mfupa. Mtungi ulinung'unika, ukakoroma, na hatimaye ukaanza kupauka mdomoni, shingoni, tumboni. Ulipokauka kabisa waliufunika kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe na nyasi, Mzee Stanslaus akawasha. Ndani ya moto zilipanda sauti za wanaume zikiomba maji kwa Kisukuma, "Minzi, mayu! Minzi!", nyingi, zikisukumana, kisha zikawa moja tu, na hiyo moja ilikuwa ya Boaz, Boaz mwenyewe, ikilia, "Mama, naungua, nimwagie maji," na Mbuke aling'ata kanga yake, akakumbatia nguzo ya ghala kwa mikono yote miwili asije akakimbilia kisimani, mpaka mzee alipoinua mchi na kuupiga mtungi ungali mwekundu.

Ukavunjika. Kukawa kimya.

Kwa Bernadina, maziwa yakarudi kifuani mwa Vumilia. Kamili akanenepa, akaanza kucheka na kila mtu. Mbuke aliwarudisha nyumbani kwa vigelegele. Ukuta alikwisha kuuangalia. Ulikuwa mkavu, ukamtoa wasiwasi. Alisahau kwamba wakati ule nyumba nzima ilikuwa kavu.

Siku chache baadaye, mchana wa joto kali, alipita mlangoni akamkuta Vumilia ameketi mkekani, ameegemea ukuta, ananyonyesha.

"Hapa pana raha, mama," Vumilia alisema, macho yamelegea. "Ukuta wa baridi."

Mbuke aliangusha ungo. Ukuta ulikuwa mweusi kwa maji, kuanzia kwenye ufa hadi sakafuni. Pale alipoziba, udongo ulikuwa umejikunja nje kama alivyozoea kukunja mdomo wa mtungi. Alimpokonya Kamili kifuani.

"Inuka! Inuka, mwanangu!"

Vumilia alijaribu. Miguu ilisukuma mkeka, shingo ikakaza, mgongo haukutoka. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka.

"Mama," alinong'ona, "mbona sibanduki?"

Nyuma yake ukuta ulimeza: gu, gu, gu.