Shimo Kwenye Njia ya Wote

Kisimba alikutwa kifudifudi ndani ya shimo, baiskeli mgongoni, magunia mawili ya mihogo juu ya baiskeli. Shingo ilikuwa imevunjika.

Inspekta Jérémy Kabange aliinua nyasi na matawi yaliyofunika shimo. Yalikuwa bado mabichi. Mtu amechimba katikati ya njia, akafunika, akaenda zake! Jérémy alitema mate kwa hasira.

Njia ile ilivuka ardhi ya kijiji kizima kuelekea soko la Kamina. Miezi miwili iliyopita kamati ya kijiji iliihamishia bondeni, eti ng'ombe wapate malisho. Wanaosukuma baiskeli za mizigo walikataa katakata.

"Kule iko matope matupu," alisema Talitha, mjane wa Kisimba. "Bwana yangu alisema atapita tu njia ya bankambo, ile ya bazee ba zamani. Utamukamata ule muntu, inspekta, ao utamuachilia?"

"Nitamukamata, mama. Hata awe nani."

Ole wake, aliapa haraka.

Constant, mwenye ng'ombe, alihojiwa wa kwanza.

"Weye njo uliomba njia ihame?"

"Minyi? Hata siku moja! Ng'ombe zangu zinakula pale pale. Nichimbe shimo, nifunike, zivunjike miguu? Niko wazimu?"

"Nani sasa aliomba?"

Constant aliangalia viatu vyake. "Uulize kwenu, inspekta."

Jérémy alirudi shimoni. Chini ya zile nyasi palikuwa na gunia kuukuu, limetandazwa kuzishikilia. Alilinusa. Machicha ya mahindi, yale yanayobaki mtu akipika lutuku, pombe kali ya magendo. Harufu hiyo aliijua.

Hatua hamsini kutoka hapo kulikuwa na uzio wa mzee Malachie Kyabu, mwalimu mkuu mstaafu, mhubiri, na baba wa Noémie, mke wa Jérémy. Nyuma ya nyumba pipa la kupikia lutuku lilikuwa bado la moto.

Mkwe hamkazii macho baba mkwe. Jérémy aliuliza akiwa amegeukia ukuta.

"Papa, hii gunia iko ya nani?"

"Iko yangu."

"Na shimo?"

"Njo minyi nilichimba. Nilitaka aanguke, aumie kidogo, bengine baogope. Kufa, hapana. Mungu anajua."

"Juu ya nini, Papa?"

"Miaka makumi tatu nimehubiri bantu baache pombe. Leo minyi njo napika, juu ya njala. Na ile njia inapita kwa lupango yangu, hapa kwa uzio. Kila asubuyi Kisimba anasimama, anavuta pua, anacheka: 'Bonjour, muhubiri!' Nikaambia kamati ni mambo ya ng'ombe, bakahamisha. Yeye akaendelea kupita, kucheka. Haya iliniua, mutoto yangu."

Jérémy alitoa pingu. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Jumapili ngapi amekula mezani kwa mzee huyu, akasikia harufu ile, akajifanya ana mafua? Heshima gani hiyo! Angeuliza mara moja tu, siri ingekwisha, na Kisimba angekuwa sokoni sasa hivi.

Alitoa karatasi ya maelezo. Mzee alimshika mkono.

"Andika nimeua. Nakubali. Lakini ya lutuku usiandike. Noémie atasikia."

Jérémy aliandika yote mawili. Kisha akaongeza kwamba yeye, Inspekta Kabange, habari ya pombe aliijua tangu mwaka jana, akanyamaza.