Kadi Iliyokataliwa Mara Mbili

Wapo watakaowasimulia kisa hiki kwa kusikia tu. Mimi nilikiona kwa macho yangu haya mawili, nikiwa hatua nne kutoka pale, nikiuza kadi zangu. Na mji mzima wa Erie hauna mwenye macho makali kunishinda. Kwa hiyo tulieni.

Ilikuwa Novemba, saa kumi na moja jioni, theluji inaanza kuingia kutoka ziwani. Mzee Casimir Dombrowski aliingia ukumbi wa wazimamoto, siku ya maonyesho ya kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji ambazo mashabiki hukusanya, bahasha kaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba yai. Ndani yake mlikuwa na kadi moja tu, yenye picha ya mwanawe Tad akirusha mpira. Juu ya picha, kwa wino wa bluu: *Kwa Baba.* Na saini.

Hakuja kuiuza. Hilo mlielewe mapema.

Tad alichelewa mazishi ya mama yake kwa ajili ya mechi. Mzee akamwambia palepale makaburini, mbele ya watu, "Rudi kwenye mpira wako. Huko ndiko kwenu." Kijana akaenda. Miaka minne hawakusemeshana. Kisha kadi hii ikaja kwa posta, bila barua. Siku ya tatu yake, gari la Tad likateleza kwenye barafu.

Sasa, kila timu ina mtunza vifaa, na wengine wana mkono mwepesi, huwatilia wachezaji saini ili mabwana wasichoke. Mzee alilijua hilo. Kama mkono ule ulikuwa wa Tad, basi amesamehewa. Kama ulikuwa wa mtunza vifaa, basi ametumiwa kadi kama shabiki yeyote wa mtaani.

Wathibitishaji wa saini walikuwa wameirudisha mara mbili. Hailingani na sampuli, walisema.

Siku hiyo aliyekaa kwenye meza ya kuthibitisha alikuwa Lorraine Whitcomb, mama wa makamo, kioo cha kukuzia kimemganda jichoni. Kando yake palikuwa na kiti kitupu, kadi safi na kalamu. Mchezaji aliyealikwa kutia saini alikuwa amekwamishwa na theluji.

"Hailingani, mzee wangu."

"Angalia tena, mama."

"Nimeangalia hadi jicho linauma. Nina saini zake kumi na mbili hapa, zote mapacha. Yako ndiyo mtoto wa jirani."

"Labda hizo kumi na mbili ndizo za uongo."

"Kila aliyekataliwa huniambia hivyo." Lorraine alicheka, bila ubaya. "Imebaki njia moja. Atie saini nikimwona. Mlete akae hapo."

"Amekufa, mama."

Lorraine akaushusha mkono wenye kioo. "Samahani. Mdomo umenitangulia."

Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kwanza ikaja harufu. Nyasi... nyasi mbichi zilizokatwa sasa hivi, na nje theluji inashuka. Kisha mafuta ya kulainishia glavu za ngozi. Kisha njumu za viatu, juu ya saruji.

Ka... ka... ka...

Kiti kikasogea.

Aliyekaa alikuwa kijana, kapelo imeshuka hadi puani, mikono ya shati ikichuruzika maji. Lorraine alidhani mgeni wake amefika. Akafanya kazi yake.

"Macho kwenye ncha," alinong'ona.

Ndiyo kanuni yao. Shahidi huitazama ncha ya kalamu tangu iguse kadi hadi iinuke. Usoni haangalii, maana nyuso hudanganya. Mzee naye akainama akatazama, kwa kuwa kalamu ilikuwa imeshaanza.

*Kwa...*

*Kwa Baba.*

Kisha saini. T iliyoinamia kushoto, mkia mrefu mwishoni. Herufi kwa herufi, ileile ya kwenye kadi ya mzee.

Mzee aliutazama wino ukikauka. Akahisi mkono wa baridi ukimgusa bega, taratibu, kama mtu anayeomba njia kanisani.

Ka... ka...

Kimya.

Alipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu. Sakafuni palikuwa na maji na vipande vya nyasi.

Lorraine aliziweka kadi mbili pamoja. "Mkono mmoja," alisema. "Ni yeye. Hizi zangu kumi na mbili sijui za nani." Akachukua fomu ya cheti, akakwama. "Tarehe... niandike tarehe gani, mzee?"

"Ulimwona uso?"

"Mimi hutazama kalamu. Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Hukumwona?"

Mzee alikigusa kiti. Kilikuwa kimelowa.

"Mwanangu amekaa hapa," alisema, "na mimi nikatazama kalamu."

Akatoka na kadi zake mbili. Cheti alikiacha mezani, hakikujazwa.

Yote hayo niliyaona, nami siongezi chumvi, ila mahali pamoja. Ule mkono begani niliutia mimi kwenye kisa; haukumgusa. Kijana aliinuka, akasimama nyuma ya baba yake, mkono kauinua hewani, akingoja mzee ageuke. Alingoja sana. Kisha akaushusha.