Saluni ya Mlango wa Nyuma

Msusi alikuwa na mkono mwepesi, na mtaa mzima ulijua hivyo. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa saluni. Kulikuwa na mkeka, kigoda, kioo chenye ufa, na kamba iliyotundikwa rasta za kila rangi. Mteja alikaa chini, kichwa kikiwa kati ya magoti ya msusi, na hapo maneno yalitiririka kuliko mafuta ya nywele. Nani kaolewa, nani kaachwa, nani kanenepa kwa raha. Ukiwa na siri yako, usiende nayo kusukwa.

Chumba cha ndani alikaa wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani. Watu husema mawifi hawapikiki chungu kimoja. Hawa walipikika. Walitaniana tangu asubuhi mpaka wanakwenda kulala. Mume alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari ndefu, kwa hiyo nyumba ilikuwa yao wawili.

Ndipo korona ikaja. Amri ikatolewa: watu wabaki majumbani, saluni zifungwe. Barabara nazo zikafungwa, na mume akakwama huko mbali, yeye na lori lake.

Mwanzoni msusi alitii. Wifi alishona barakoa, zikauzwa, wakala. Lakini unga ulizidi kupungua, na msusi alichoka kukaa bure. Siku moja muuza mayai alipitia uani.

"Dada, kichwa changu kimekuwa kichaka," alisema. "Nisuke kimyakimya. Nitakuletea mayai."

Msusi alimwingiza kwa mlango wa nyuma. Akafunga madirisha yote. Akavuta mapazia. Akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa tambara, sauti zisitoke nje. Askari wa doria walipita barabarani, hawakuona kitu. Msusi akatabasamu. Alidhani ameikwepa hatari, kumbe alichokikwepa ni askari tu.

Mteja alipoondoka, wifi alisimama kwenye ujia akiwa amevaa barakoa.

"Wifi, nani huyo uliyemwingiza?"

"Kichwa kimoja tu, wifi yangu."

"Mimi nina pumu. Unajua hilo."

"Mbona mtaa huu hauna mgonjwa? Na njaa je, nayo imepigwa marufuku?"

"Mhudumu wa afya anasema kuna chakula cha watu waliofungiwa kazi. Twende tukajiandikishe."

"Nikaombe? Mimi na mikono yangu miwili mizima?"

"Mikono hiyo! Ikikosa wa kumsuka itasuka mkia wa paka."

Siku nyingine wangecheka mpaka waegemee ukuta. Siku hiyo hakucheka hata mmoja.

Kichwa kimoja kilileta kingine. Wifi aliacha kula na msusi. Alichukua sahani yake, akajifungia chumbani. Lakini nyumba ilikuwa na ujia mmoja na choo kimoja, na wateja wote walipita mlangoni pake. Msusi alisikia cherehani ikinguruma huko ndani, akakasirika. Alijiambia, "Ananiringia huyu." Hakujiuliza kama mwenzake anaogopa.

Muuza mayai alirudi kufumua na kusuka upya. Safari hii alikohoa.

"Ni vumbi tu," alisema.

Msusi alimwamini, kwa sababu alitaka kumwamini. Wakakaa chumbani, madirisha yamefungwa, mpaka msuko ukaisha.

Baada ya siku chache msusi hakusikia harufu ya kitu chochote, hata ya mafuta ya nywele. Alihisi mwili umechoka tu. Lakini wifi alianza kuwaka homa. Kisha pumzi ikaanza kumkatika. Dawa yake ya pumu haikumsaidia. Msusi alipoona midomo ya wifi imebadilika rangi, alipiga simu kwa mhudumu wa afya akilia.

Mhudumu alikuja upesi, akaita gari la wagonjwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya upole. Alivaa barakoa, akasimama mlangoni.

"Kwanza fungueni madirisha," alisema. "Mbona mmejifungia hivi?"

Msusi akafungua. Hewa ikaingia.

"Ugonjwa huu unasafiri na pumzi," mhudumu alieleza. "Mtu akikohoa, akiongea, hata akicheka, anautoa. Ukipika kwa kuni ndani ya chumba kilichofungwa, moshi huenda wapi? Hauondoki. Na pumzi ya mgonjwa ni hivyohivyo, ila yenyewe huioni. Sasa niambie, nani ameingia humu?"

Msusi aliwaza faini. Aliwaza aibu. "Hakuna mtu," akasema.

Sauti ya wifi ikatoka kitandani, nyembamba, kwa vipande. "Wifi. Sema. Nao wana wazazi."

Msusi akainamisha kichwa, akataja mteja mmoja baada ya mwingine. Mhudumu hakumkaripia.

"Umefanya vizuri kusema," alisema. "Sikuja kumshtaki mtu. Nikiwajua, nitawaonya leo wakae mbali na wazee wao. Nisipowajua, watazidi kuambukiza bila kujua."

Wifi alibebwa kwenye machela. Mlangoni alimtazama msusi na kusema, "Funika cherehani yangu. Isiingie vumbi." Hayo ndiyo maneno ya mwisho msusi aliyoyasikia kwake. Wifi alifia hospitalini.

Msusi hakuruhusiwa kwenda kuzika, maana naye alikuwa mgonjwa. Aliliona gari la maziko likipita, akiwa ameshika nondo za dirisha. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Simu ya mumewe ilipoita, alisema tu, "Ugonjwa umemchukua." Hakuweza kusema zaidi.

Wateja wake wote walipatikana. Muuza mayai alipimwa, akakutwa na korona. Mama yake, mzee mwenye kisukari, naye alikuwa ameanza homa. Aliwahishwa hospitali akapona. Mhudumu alimletea msusi unga, maharage na sabuni, akaviweka mlangoni.

"Vilikuwepo siku zote," alisema kwa huzuni. "Mngesema tu."

Msusi alipika unga ule, akala matonge mawili, akaacha.

Baadaye saluni ziliruhusiwa kwa masharti. Msusi aliupeleka mkeka wake uani, penye hewa. Alisuka mteja mmoja mmoja, wote wawili wakiwa na barakoa, maji na sabuni vikiwa kando. Aliyekohoa alirudishwa kwao, hata akiwa shoga yake wa chanda na pete. Wengine walinuna, wakazoea. Hakuna mteja mwingine aliyeugua kutoka kwake.

Barabara zilipofunguliwa, mume alirudi. Aliingia chumba cha dada yake, akakaa humo kitambo. Kisha alitoka, akaketi ngazini pa uani.

"Kitu kimoja sikielewi," alisema. "Dada alikuwa hatoki. Kila nilipompigia simu aliniambia, 'Usiwe na wasiwasi, mkeo ametulia, hapokei mtu.' Sasa ugonjwa uliingiaje?"

Msusi hakuwa amejua jambo hilo. Siku zote zile alizomnunia wifi, wifi alikuwa akimtetea. Angeweza kunyamaza sasa, na hakuna ambaye angembishia.

"Alikuwa ananisitiri," alisema. "Nilipokea watu, mume wangu. Kwa mlango wa nyuma. Yeye alinikataza, sikumsikia. Ugonjwa niliuingiza mimi."

Mume alifunika uso kwa mikono. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule. Msusi alikaa kando yake, naye akalia. Alitaka kuomba msamaha, akaona si haki kumharakisha.

Kisha mume aliuliza, "Alipata shida sana kupumua?"

"Sana," msusi akajibu.

"Nieleze yote. Usinifiche kitu."

Akamweleza yote.